Mbuga ya Comoé: Ndovu Waliorudi Baada ya Vita

Fungueni ramani ya Afrika, mtazame upande wa magharibi. Mtaiona nchi ya Côte d'Ivoire, maana yake Pwani ya Pembe. Iliitwa hivyo kwa ajili ya biashara ya pembe za ndovu, na hata leo kichwa cha ndovu kimo katika nembo ya taifa. Kaskazini-mashariki ya nchi hiyo, karibu na mji wa Bouna, iko Mbuga ya Comoé.

Ukubwa wake wapata kilometa za mraba 11,500. Mto Comoé, uliotoa jina hilo, hupita ndani yake mwendo wa kilometa 230 hivi. Nchi yenyewe ni ya nyasi ndefu na miti michache, lakini kandokando ya mto umesimama msitu mzito kama ule wa kusini kwenye mvua nyingi. Kwa hiyo wanyama wa nyikani na wa msituni hukaa ujirani: nyati, kongoni na ngiri katika nyasi, kima na sokwe mitini, viboko na mamba wa aina tatu majini.

Comoé ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1968, na mwaka 1983 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia.

Kisha, Septemba 2002, vita vilizuka. Nchi ikagawanyika mara mbili, na mbuga ikabaki upande wa waasi. Walinzi wakaondoka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, waliokuwa na kituo humo, wakaondoka pia. Basi, shamba lisilo na mlinzi mnajua mwisho wake. Majangili waliingia na bunduki, wachungaji wakaingiza ng'ombe. Mwaka 2003 mbuga ikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Watu walidhani ndovu na sokwe wamekwisha.

Vita vilikoma mwaka 2011. Walinzi wakarudi, na wataalamu wakafungua tena kituo chao. Ndovu na sokwe wakaonekana! Julai 2017 Comoé iliondolewa katika orodha ile ya hatari.

Lakini tusidhani kazi imekwisha. Ndovu jike huchukua mimba miezi ipatayo 22, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Risasi humwua mara moja. Tena amani yenyewe yataka kulindwa. Juni 2020 watu wenye silaha walishambulia kituo cha askari huko Kafolo, karibu na mbuga, wakaua askari.

Wakubwa wakigombana, sisi huhesabu nyumba zilizoungua na watu waliokufa, na ndivyo ipasavyo. Comoé yatufundisha kwamba hesabu haiishii hapo. Vita huua hata wale wasiojua vilianzia wapi, na amani huwarudisha polepole, mmoja mmoja.