Motakaa Kuukuu Mbele ya Mkaguzi

Watu wengi hudhani ya kuwa motakaa ikiwaka na kwenda, basi ni nzima. Sisi walimu wawili wa shule ya kijiji tumeona taabu kuwafahamisha jirani zetu ya kuwa sivyo. Tunayo Morris Minor ya mwaka 1961, tuliyoinunua kwa shirika, na kwa kuwa magari kwetu ni machache, haipati kupumzika: leo mgonjwa, kesho magunia ya mahindi, keshokutwa bibi harusi. Kwa hiyo tuliona yatupasa kuipima kwa haki kabla ya kupakia roho za watu ndani yake.

Aina hii ya motakaa imekwisha kuhukumiwa mara nyingi katika nchi iliyoiunda. Ilibuniwa na Alec Issigonis, ikaonyeshwa kwa watu mara ya kwanza London mwaka 1948, na hata zilipokoma kuundwa mwaka 1971 zilikuwa zimekwisha kupita milioni 1. Mwaka 1960 serikali ya Uingereza ilianzisha ukaguzi wa magari yaliyotimiza miaka 10. Siku zile mkaguzi aliangalia breki, taa na usukani tu, lakini yaliyoshindwa yalikuwa mengi mno, hata mwaka wa pili umri ukashushwa kuwa miaka 7, na mwaka 1967 ukawa miaka 3. Tangu hapo Morris Minor zilisimama mbele ya mkaguzi mwaka kwa mwaka, na maradhi yake yakajulikana kama mchungaji ajuavyo maradhi ya mbuzi zake.

Katika magari ya kila namna kule, taa ndizo huangusha wengi. Hilo halitaki maneno marefu. Balbu hununuliwa, na waya uliooza hubadilishwa. Mara nyingi sababu ni kutu tu mahali waya unaposhikana na bodi, nayo husuguliwa kwa msasa ikaisha.

Lakini liko jambo moja katika Morris Minor ambalo hatuna budi kulieleza polepole, kwani laweza kuua. Gurudumu la mbele hushikwa na chuma kilichosimama wima, ambacho juu na chini kina mizingo kama ya skrubu. Mwisho wake wa chini umeingia katika kipande kingine cha chuma kiitwacho tranioni, navyo huzungukiana kila dereva akatapo kona. Uzito wote wa upande ule wategemea mizingo ile michache. Ikipata grisi mara kwa mara hudumu miaka mingi. Ikikosa, maji na mchanga huingia, mizingo husagika kidogo kidogo, na dereva hasikii neno. Siku moja chuma huchomoka, gurudumu hulala chini ya bawa la motakaa, na pua yake huanguka chini. Wenye kuzijua husema mara nyingi hutokea wakati wa kwenda polepole, usukani umepindwa sana, kama mtu anapogeuza motakaa uani. Hiyo ni rehema. Kwenye mteremko ingekuwa habari nyingine.

Fundi aliyetukagulia ni mzee wa mjini, naye hana mashine ila jeki, nyundo ndogo na taa ya mkononi. Aliinua mbele, akashika tairi juu na chini, akaitikisa. Ikacheza. Akatuambia, “Mwalimu mmoja aingie, akanyage breki, asiachie.” Akatikisa tena, na tairi ikacheza vile vile. Akatueleza ya kuwa breki ikikanyagwa, gurudumu hushikwa, na ulegevu wa beringi hujificha. Basi ukibaki ulegevu, ugonjwa u katika tranioni. Tumefundisha watoto sayansi miaka kadhaa, na tulipendezwa sana na jaribio lile, maana lilitenga sababu mbili kwa mguu wa mtu tu.

Kisha akachukua nyundo, akalala chini. Alikuwa akigonga na kusikiliza. Chuma kizuri hulia; kilicholiwa na kutu hujibu kama boga. Kule Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, nayo hula magari. Kwetu si chumvi, bali udongo mwekundu unaoganda chini ukashika maji majuma mazima baada ya mvua. Mahali pabaya kupita pote ni ule mwamba wa chuma ukatao motakaa kwa upana chini ya viti vya mbele, kwa sababu ndipo zilipofungwa fito za chuma zinazofanya kazi ya springi za mbele. Sheria yao ya ukaguzi hupima karibu sana na viungo kama hivyo: kutu iliyodhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 za mahali hapo huangusha motakaa, hata kama rangi ya nje yang’aa kama kioo. Na ile aina iitwayo Traveller, yenye nyumba ya mbao nyuma, mkaguzi huikagua mbao pia, maana mbao zile si pambo bali ni sehemu ya mifupa yake.

Breki zetu zilikuwa nzima, ila silinda moja ya gurudumu la nyuma ilitoa jasho. Lakini ni vema msomaji ajue ya kuwa Morris Minor ina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, breki ya mguu hupotea yote, akabaki nayo breki ya mkono.

Hivyo majibu yetu yalikuwa matatu: tranioni ya kulia imekwisha, silinda yavuja, na mwamba wa chini una tundu upande wa kushoto. Motakaa ikapandishwa juu ya magogo kungoja vipuri.

Siku ya nne akaja mzee mmoja jirani yetu, aliyezoea kumpeleka mama yake hospitali ya wilaya kutazamwa macho. Tukamwambia haiendi. Akasema, “Mwalimu, juzi nimeiona kwa macho yangu ikipanda mlima.” Tukamjibu, “Ni kweli, mzee wetu, ilipanda.” Tukamwonyesha tairi, tukaitikisa mbele yake. Akatazama, akasema hata meno yake yatikisika naye angali anakula. Akaondoka amekasirika, na mama akaenda kwa pikipiki, akijishika kwa shida. Tulihuzunika, lakini hatukuishusha motakaa.

Neno moja la Uingereza limetufikirisha tangu siku ile. Tarehe 20 Mei 2018 sheria yao iliyasamehe ukaguzi wa kila mwaka magari yaliyopita miaka 40 toka kuundwa, yasiyogeuzwa sana. Kwa hesabu hiyo Morris Minor zote, hata ya mwisho ya 1971, zimetoka mikononi mwa mkaguzi. Sababu iliyotolewa ni kuwa wenye magari hayo huyatunza vizuri na huyaendesha kidogo. Huenda ni kweli kwa walio wengi. Ila tranioni haijui kuhesabu miaka 40, na mwenye gari bado ana wajibu: akikutwa barabarani na gari la hatari aweza kutozwa faini mpaka pauni 2,500. Wako wanaoipeleka kwa mkaguzi kwa hiari yao, nasi twawasifu, kwa maana mwenye mali hulizoea polepole lile lichakaalo polepole.

Tranioni ilifika baada ya majuma matatu, na silinda pamoja nayo. Ile ya zamani tumeiweka darasani, watoto waingize kidole waone mizingo ilivyobaki laini kama pete. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mmoja wetu hulala chini na bomba la grisi, na mwenzake huandika tarehe katika daftari. Mwamba wa chini haujachomelewa bado. Fundi anangoja bati nene la kutosha. Mpaka hapo twapakia watu wawili tu, wala si magunia, na yule mzee tumemwambia nafasi ya kwanza ni ya mama yake.