Makofi Yana Dhamana

Vijana wa Sumbawanga hubishana juu ya pambano lililofanyika kabla wengi wao hawajazaliwa. Katika vijiwe vya bodaboda karibu na Soko la Mandela, simu moja ikipita mkono kwa mkono, utamsikia mmoja akiapa kwamba Beenie Man ndiye aliyemfunika Bounty Killer kwenye tamasha la Sting kule Jamaica, Desemba 1993. Mwenzake atamjibu kwamba hajui kitu, arudie kusikiliza. Baridi ya Ufipa ya mwezi Juni hupenya mpaka kwenye mifupa, lakini ubishi huo huwapa joto kuliko makoti waliyovaa. Nimekaa nao mara nyingi, na sijawahi kuona ubishi huo ukifika mwisho. Wanauliza nani alishinda, na hakuna anayeuliza ushindi wenyewe ulitolewa na nani.

Wawili hao ni madidjei wa dancehall, muziki wa Jamaica, na kwa Wajamaika didjei ni yule anayeghani juu ya mdundo. Anayepiga santuri ana jina lake jingine. Tamasha la Sting lilianza mwaka 1984, likawa linafanyika siku ya pili ya Krismasi, na kilichowafanya watu wakeshe ni kuwaona madidjei wawili wakisimama jukwaa moja, ana kwa ana, kila mmoja akimchana mwenzake. Pale hapakuwa na refa wala karatasi ya alama. Palikuwa na umati. Umati ukilipuka, wewe umeshinda. Ukinyamaza, wewe umekwisha. Ukianza kurusha chupa, shuka haraka.

Kanuni hiyo tunayo hata sisi, tena tangu zamani. Shuka kutoka Sumbawanga kwa barabara ya Muze hadi Bonde la Ziwa Rukwa, utawakuta Wasukuma waliohamia huko wakifuata malisho. Katika nchi yao ya asili, huko Mwanza na Shinyanga, wacheza ngoma wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, ambazo masimulizi yanasema zilitokana na waganga wawili waliopingana, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, ngoma mbili hupigwa kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Kila manju huwasifu watu wake na kuwabeza wa upande wa pili, na mtazamaji yuko huru kuhama. Mwisho wa yote, upande uliovuta watu wengi ndio mshindi. Kila anayetoka huku kwenda kule anahukumu, hata kama anadhani anatafuta tu mahali pazuri pa kusimama.

Na wanaokumbuka Dar es Salaam ya miaka ya 1990 wanakumbuka kikundi cha TOT cha Kapteni John Komba kikishindana na kile cha Muungano, mwimbaji Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis Kidogo upande ule, mipasho ikijibiwa kwa mipasho. Katika taarabu hiyo msikilizaji hakuwa mgeni mwalikwa tu. Mwanamke aliinuka na noti yake kwenda kumtunza mwimbaji, akichagua ubeti anaoutaka, huku jicho amemtupia mwenzake aliyekaa meza ya pili. Kuanzia hapo mpasho ule ulikuwa wake. Ameulipia na ameutuma, na kila aliyekuwemo ukumbini alijua umemfikia nani.

Kama ushindi wa maneno hutolewa na wasikilizaji, basi na dhambi yake hawawezi kuikwepa. Tumezoea kumlaumu aliyeshika kipaza sauti na kujiweka sisi pembeni, kana kwamba tulikuwa tunapita njia. Lakini msanii aliye jukwaani anatusoma. Anajaribu mstari wa kwanza, anasikiliza tunaitikiaje, kisha anaamua wa pili uelekee wapi. Makofi yetu ndiyo yanayomwandikia ubeti unaofuata.

Niliwahi kuhudhuria shindano la kuchana la vijana hapa mjini. Wawili wa mwisho walikuwa hodari kwelikweli. Mmoja alikuwa na mistari ya kuchekesha kuhusu mwenzake anayejisifu kwa magari ilhali hana hata baiskeli, na ukumbi ulikuwa wake. Yule wa pili alipoona anazidiwa, aliacha kumchana mpinzani, akamgeukia mama wa mpinzani. Alighani kwamba macho mekundu ya mama yule ni ya kukesha makaburini, na kwamba radi za mtaani kwao zina mwenyewe. Watu waliruka juu ya viti. Kijana aliyetajiwa mama yake alishika kipaza sauti, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Mwenzake akabebwa juujuu kama mshindi.

Nje, ubishi ukaanza. “Jukwaani hakuna mama, mwalimu,” kijana mmoja aliniambia. “Ameshindwa kujibu, kapigwa. Ngoma imeisha.” Mwingine aliyekuwa kimya muda wote akasema, “Yule mama nanunua kwake maandazi kila asubuhi. Kesho nitamwangaliaje?”

Hayo maneno ya kijana wa pili sijayatoa moyoni. Sisi watu wa Sumbawanga tunajua kutaniwa. Ukifika mkoa mwingine ukataja kwenu, hujaketi bado umeshaulizwa kuhusu radi na uchawi, na wengi wetu tunacheka na kurudisha utani. Lakini maneno hayohayo yana uso mwingine. Katika mikoa ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na kwa baadhi yao ushahidi uliotajwa ulikuwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo, hata hapa Rukwa. Mstari uliorusha watu vitini usiku ule haukuwa umetungwa hewani. Uliazima nguvu kwenye hofu ambayo imeshaua, na ukairudisha mtaani ikiwa imenolewa.

Hapo ndipo ninapouweka mpaka. Mchane aliye mbele yako, kwa anachokisema, kwa majigambo yake, kwa uzembe wa mistari yake. Yeye amekuja kwa hiari na zamu ya kujibu anayo. Asiyekuwepo, asiye na kipaza sauti, atakayeamka kesho na kufungua meza yake ya biashara bila kujua ameshahukumiwa, huyo hakuingia shindanoni. Kumpiga huyo hakuhitaji kipaji chochote.

Wapo watakaosema ninaikaba sanaa, na hoja yao ina uzito: heri vijana warushiane maneno kuliko mawe. Nakubaliana nao, tena Ufipa ni ushahidi wao mzuri. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti hapa miaka ya 1960, alivutiwa na namna jamii hii ilivyoacha vita ikaelekea kwenye amani na biashara kabla ya ukoloni, na namna Wafipa wanavyoyathamini mazungumzo. Ila mazungumzo yaliyochukua nafasi ya mkuki yalikuwa na adabu yake. Unasema, kisha unanyamaza ili ujibiwe. Maneno yakikosa adabu hiyo, huurudisha mkuki. Mwaka 2003, kwenye jukwaa lilelile la Sting, pambano la mistari kati ya Ninjaman na Vybz Kartel liligeuka ngumi mbele ya umati.

Masimulizi ya Wafipa kuhusu utawala wa Milansi nayo yana fundisho. Wanasimulia kwamba wanawake wageni wa ukoo wa Watwa walifika wakati mtawala wa Milansi ameenda kuwinda, wakakalia kigoda chake. Aliporudi, mambo yaliishia kwenye makubaliano: wageni wakachukua utawala wa nchi, na mwenyeji akabaki Milansi na heshima yake ya matambiko. Hakufukuzwa wala hakufutwa. Ninaposikia hadithi hiyo nawaza kwamba ushindi unaodumu ni ule unaomwachia aliyeshindwa mahali pa kukaa.

Turudi kwa Beenie Man na Bounty Killer. Ugomvi wao haukuisha 1993. Uliendelea kwa miaka mingi, kila mmoja akimtuhumu mwenzake kumwibia mtindo. Lakini Mei 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa ajili ya korona, wawili hao walisimama chumba kimoja huko Jamaica wakapambana tena, mubashara mtandaoni, wakipokezana midundo kama watu wanaojuana sauti kwa undani. Wakati mwingine waliimba pamoja. Mamia ya maelfu ya watu waliwatazama. Uhasama wa Vybz Kartel na didjei mwenzake Mavado ulikwenda njia nyingine kwa miaka kadhaa: Gaza na Gully, majina ya kambi zao, yakawa ya kugawa mitaa na shule, hata Waziri Mkuu wa Jamaica wa wakati huo, Bruce Golding, akalazimika kukutana na wasanii hao Desemba 2009 ili kutuliza mashabiki wao. Mashabiki, nasisitiza. Msanii aliandika mstari. Aliyeuchora ukutani na kumpiga jirani kwa ajili yake alikuwa msikilizaji.

Kwa hiyo vijana wangu wa kijiweni wakiniuliza nani alishinda 1993, nawajibu kwamba walishinda wote wawili, na matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Pambano lisilo na kesho halina mshindi hata kama lina kombe.

Jambo hili si la wasanii peke yao. Mume na mke wakichambana sebuleni, watoto ndio ukumbi, na mara nyingi maneno makali husemwa kwa sababu ukumbi upo. Kwenye kikao cha kazini, kicheko cha wajumbe ndicho kinachompa mzungumzaji ruhusa ya kumdhalilisha mwenzake kwa mara ya pili. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, alama moja ya kucheka iliyowekwa chini ya tusi inamwambia aliyetukana kwamba tuko naye. Kwenye kampeni, mgombea huacha kueleza habari ya maji na barabara mara tu anapogundua kwamba tunashangilia zaidi anapotaja kabila au maumbile ya mpinzani. Tunarudi nyumbani tukilalamika kwamba siasa zimekosa hoja, na ni sisi tuliozikataa hoja kwa kunyamaza zilipotolewa.

Wanaoandaa mashindano ya vijana hapa kwetu nawaomba waweke masharti mawili kabla ya mdundo kuanza: asiyeweza kupanda jukwaani kujibu asitajwe, na mshindi ampe mwenzake mkono kabla hajapokea zawadi. Sisi tuliokaa kwenye viti tuna sharti letu, tena halihitaji kibali cha mtu. Mstari mkali wenye ustadi tuupigie makofi mpaka viganja viwake moto. Mstari unaomkanyaga asiyekuwepo tuunyime sauti zetu, hata kama jirani zetu wameruka juu ya viti. Msanii mwenye kipaji akikutana na ukimya wa namna hiyo mara moja, ataelewa, na ubeti wake ujao utakuwa bora.