Meza ya Kazi Isiyotikisika

Kila kazi ya mikono ina mahali pake, na mahali hapo pakiwa pabovu, kazi nayo huwa mbovu. Watu husifu randa, msumeno na patasi, lakini meza ibebayo kazi yenyewe hawaitaji. Walakini fundi mwenye randa kali na meza legevu ni kama mwanafunzi mwenye kalamu njema aandikaye juu ya goti lake. Kwa hiyo nataka kueleza jinsi mtu wa kipato kidogo awezavyo kujipatia meza imara nyumbani kwake, katika ghala au banda la pikipiki, pasipo kuingia katika deni.

Nanena habari hii kwa sababu ya kijana mmoja, jirani yangu hapa Mufindi. Alipomaliza mafunzo ya useremala alikuwa na akiba ndogo, iliyopatikana kwa taabu ya nyumba nzima, hata mama yake aliuza nguruwe wawili. Akaja kwangu, akasema, “Shikamoo, Mwalimu. Nimeona mjini meza ya chuma yenye jiriwa. Nikiinunua, fedha zitakazobaki hazitatosha randa wala misumeno. Nisipoinunua, nitafanyia kazi wapi?”

Nikamjibu, “Marahaba, mwanangu. Kwanza tuulize meza yatakiwa kufanya nini, ndipo tuulize bei yake.”

Meza ya seremala yatakiwa mambo matatu: isitikisike, ishike mbao, tena ilingane na kimo cha mwenye kazi. Rangi na uzuri wa mti havimo katika hesabu hiyo.

Jambo la kwanza ndilo kubwa. Chukua vijiti vinne, uviunge viwe mraba kwa msumari mmoja mmoja katika kila pembe, kisha uvisukume. Vitalala upande, ingawa hakuna kijiti kilichovunjika. Ndivyo meza iendavyo mbele na nyuma randa isukumwapo juu yake. Wengi hudhani dawa yake ni miguu minene ya mti wa thamani, kumbe sivyo. Pigilia ubao mpana juu ya vijiti vile, nawe hutaweza kuvilaza tena. Basi dawa ni ubao mpana ubavuni mwa meza, mbele na nyuma, uliofungwa katika kila mguu kwa bolti mbili au misumari kadhaa iliyoachana. Wala shauri hili si jipya. Peter Nicholson, mtu wa Uskoti aliyekuwa seremala na mwalimu, alionyesha meza yenye mbao pana za ubavuni katika kitabu chake kilichochapwa London mwaka 1812.

Sisi tulitumia msonobari, ambao wengi huuita paina. Kwetu hupatikana kwa urahisi, maana shamba la miti la Sao Hill li karibu. Mninga ni mti mgumu na mzuri, lakini afadhali uwe mlango wa mteja kuliko meza ya fundi. Mbao zilikuwa sita tu, kila moja futi 12. Mbili za mbili kwa sita zilikatwa katikati, zikawa vipande vinne vya uso wa meza, futi 6 kwa futi 2. Moja ya moja kwa kumi ilikatwa vivyo hivyo kwa ajili ya mbavu. Mbili za mbili kwa nne zilitoa vipande vinane, na kila viwili viliunganishwa kwa gundi na misumari kuwa mguu mmoja. Ya tatu ilitoa vipande sita vifupi: vinne vya kuunga miguu ya mbele na ya nyuma, viwili vya kubeba uso katikati.

Kabla ya kukata tulizipanga mbao kivulini, vijiti vikiwa kati yake ili upepo upite, tukazingoja kwa majuma sita. Ubao mbichi husinyaa sana katika upana, lakini urefu wake haupungui sana. Asiyengoja hujenga meza imara leo, na baada ya kiangazi huikuta legevu. Chini ya kila mguu tuliweka jiwe bapa, ili unyevu na mchwa wasipande upesi.

Jambo la pili ni kushika mbao. Jiriwa ni chombo chema, lakini yaweza kungoja. Tulitoboa matundu ubavuni, tukatia vigingi vya kubebea ubao mrefu usimamapo kwa ncha ya upande. Mwishoni mwa uso tulipigilia kipande chenye pengo la pembe tatu, na ubao ukiingizwa humo pamoja na kabari hausogei.

Jambo la tatu ni kimo. Usikichukue kitabuni. Simama wima, mikono ikining'inia, umwambie mtu apime toka sakafuni hata mahali kifundo cha mkono kikunjapo. Kwa kijana yule ilikuwa inchi 34. Meza ndefu mno huchosha mabega, na fupi mno huvunja kiuno, wala fundi hajui sababu ya maumivu yake mpaka miaka imepita.

Kazi ile ilituchukua siku tatu. Kijana alinunua vyombo vyake vyote, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza madawati mabovu ya shule. Kwa ujira wa madawati hayo alinunua jiriwa, akaifunga katika meza ile ile.

Ndugu zangu wazazi, mnapowapeleka watoto kujifunza kazi za mikono, msifikirie ada peke yake. Anzeni mapema kuweka mbao sita kivulini. Mtoto atakaporudi na cheti chake, akute mahali pa kusimama na kufanya kazi, wala akiba ya nyumba isimalizwe na kitu ambacho mikono yake mwenyewe yaweza kukijenga.