Monita ya Kamera na Usiku wa Kupamba

Wanaotualika kupiga video katika harusi za hapa Marereni hutaja sharti moja kabla hata ya kuuliza bei: anayeshika kamera awe mwanamke. Usiku wa kupamba, bi harusi huonyeshwa mbele ya kina mama peke yao. Simu huachwa mlangoni, na kumbukumbu yote ya usiku ule hubaki katika kamera yetu. Mara nyingi yupo mama au shangazi aliye kazini Uarabuni, ambaye hataiona harusi ya binti yake ila kwa video hiyo. Uso ukitoka na ukungu, hapana wa kuambiwa akae tena kitini.

Ndiyo maana tulipoanza kuweka akiba ya kununua monita ya kuunganisha na kamera, hatukuuliza ipi kubwa. Tuliuliza ipi itatuambia kweli kama macho ya bi harusi yamo katika fokasi. Ukumbini taa ni hafifu, lenzi hufunguliwa hadi f/1.8, na kwa ufunguzi huo jicho laweza kuwa kali na sikio likalegea.

Kioo cha inchi 3 kilicho nyuma ya kamera nyingi husifiwa kuwa na nukta milioni 1 na ushei. Nukta hizo huhesabiwa nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, kwa hiyo picha halisi ni 720 kwa 480 tu. Video ya HD kamili ni 1920 kwa 1080. Mpigaji basi huona sehemu moja ya sita ya anachorekodi, na picha iliyobanwa hivyo huonekana kali hata ikiwa imelegea. Ulegevu hujitokeza baadaye, kwenye televisheni ya sebuleni, jamaa wote wamekaa.

Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa macho. Boksi huandikwa kwamba monita inapokea 4K, lakini kupokea si kuonyesha. Kioo chenyewe chaweza kuwa 1280 kwa 800, au hata 1024 kwa 600. Sisi tunaulizia idadi ya nukta za kioo, na hatushuki chini ya 1920 kwa 1080. Tukiwa dukani tunaunganisha kamera yetu wenyewe, tunalenga maandishi madogo ya gazeti, kisha tunakuza picha hadi nukta moja ya video ikae katika nukta moja ya kioo. Tunapungia mkono mbele ya lenzi pia, maana monita nyingine huchelewa kuonyesha mwendo.

Wauzaji hupenda kusifu ile rangi nyekundu au kijani inayochora kingo za kitu kilicho katika fokasi. Inafaa, lakini kwa harusi zetu ni shahidi wa kupimwa. Rangi hiyo hufuata tofauti kali za mwanga na giza, nayo tarizi ya gauni, vimetameta, na kikuba cha asmini kifuani vimejaa tofauti hizo, ilhali ngozi laini ya uso haina. Kifua kitawaka rangi huku macho yamelegea kidogo. Dawa ni kukuza picha juu ya jicho, kuhakikisha, kisha kurudi.

Mchana ni habari nyingine. Anayejua mashamba ya chumvi yetu anajua jua linavyorudi kutoka ardhini kama vile kuna jua la pili. Kwa ukumbini niti 400 au 500 zatosha. Kwa nje tunataka 1000 au zaidi, pamoja na kivuli cha kufunika kioo. Kivuli kikikosekana, leso nyeusi hufanya kazi hiyo vizuri.

Sasa jambo ambalo muuzaji hatalitaja. Monita ya inchi 7 juu ya kamera huonekana na kila aliye nyuma ya mpigaji, na mlango hufunguka kila mara masinia yanapoletwa na vijana wa kiume. Hivyo tumechagua inchi 5 yenye kivuli, na tunasimama tukiupa ukuta mgongo. Zipo pia monita zinazorekodi nakala ndani yake, na nyingine hurusha picha kwenda kwenye simu bila waya. Ni vyombo vizuri kwa kazi nyingine. Kwetu, nakala ya pili ya bi harusi akiwa bila buibui ni amana ya pili ya kulinda, hasa chombo kikiwa cha kukodi.

Mmoja wetu, ambaye macho yake yamechoka, bado anaitetea inchi 7, na hoja yake ina uzito. Tumekubaliana ajaribu miwani ya kusomea kwanza, fedha zilizobaki zinunue waya wa HDMI wa akiba na betri mbili.