Subira Ina Bei

Wahenga walinena kwamba subira huvuta heri. Methali hii nimeiandika katika insha zangu tangu shule ya msingi, na kila mara mwalimu alinitilia alama ya vyema. Mwaka 2025, nikiwa nimeketi na mama sebuleni kwetu mtaani Langa Langa, mjini Nakuru, nilianza kuitilia shaka.

Barua iliyokuwa mezani ilitokana na ombi la mwaka 2007. Mama mdogo, ambaye ni raia wa Marekani, alikuwa amemwombea dada yake, yaani mama yangu, ruhusa ya kuhamia huko. Sheria ya nchi hiyo humruhusu raia kumwombea nduguye wa toka nitoke, pamoja na watoto wa ndugu huyo ambao hawajatimiza miaka 21 wala hawajafunga ndoa. Mimi nilikuwa na miaka 10, mdogo wangu miaka 4. Mama aliitia stakabadhi ya ombi hilo ndani ya bahasha ya kaki. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru mnamo Januari 2008, alitutoa nyumbani na mkoba mmoja tu. Bahasha ilikuwamo.

Wengi hudhani kwamba ombi likikubaliwa, safari imewadia. La hasha! Kungoja ni kwa aina mbili. Kwanza, maafisa hulichunguza ombi. Letu lilichukua miaka 4. Pili, baada ya idhini, mtu hupanga foleni ya kungojea nafasi, kwa kuwa sheria ya mwaka 1990 iliwatengea ndugu wa raia nafasi 65,000 tu kwa mwaka, kwa dunia nzima. Zamu yetu ilifika baada ya takriban miaka 18.

Umri wangu haukusimama kuingojea foleni hiyo. Nilitimiza miaka 21 mwaka 2018. Ipo sheria ya mwaka 2002 inayowakinga watoto wa aina yangu: huruhusu umri upunguzwe kwa muda ambao ombi lilikuwa likichunguzwa, lakini si kwa muda wa kungojea nafasi. Nilitwaa kalamu nikapiga hesabu. Miaka 28 ukitoa 4 ni 24. Miaka 22 ya mdogo wangu ukitoa 4 ni 18. Kwa mujibu wa sheria, yeye angali mtoto. Mimi siye tena. Mama aliitazama karatasi kwa kitambo kirefu, kisha akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe niliyekuandika wa kwanza."

Sheria hiyohiyo ya mwaka 1990 ilifungua mlango mwingine, wa wawekezaji. Anayetia mtaji katika mradi unaozalisha ajira 10 huweza kupata ukaazi yeye na familia yake. Marekebisho ya Machi 2022 yaliweka kiwango cha dola 1,050,000, au dola 800,000 kwa miradi ya vijijini na ya maeneo yenye uhaba mkubwa wa ajira, na yakaagiza maombi ya miradi ya vijijini yatangulizwe katika kushughulikiwa. Sisemi kwamba fedha huondoa kila foleni. Wawekezaji wengi kutoka China walingoja miaka mingi, kwa sababu ya kikomo cha asilimia 7 kwa kila nchi, na watoto wao pia wamepitwa na umri. Hata hivyo, mwenye mtaji ana mlango wa kuchagua. Fundi cherehani kama mama hana ila bahasha yake.

Wala jambo hili si geni katika Bonde la Ufa. Njoro, ninakosomea, ilipata mwekezaji wake mapema. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodishia Lord Delamere ekari 100,000 kwa miaka 99, kwa kodi ya pauni 200 kwa mwaka na kwa sharti kwamba atumie pauni 5,000 katika ardhi hiyo ndani ya miaka 5. Mtaji kwa upande mmoja, makazi kwa upande wa pili: mkataba ule haukutofautiana sana na huu wa leo. Mwaka uliofuata, 1904, Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Naivasha na Nakuru, wakapelekwa Laikipia. Walipotakiwa kuhama tena, walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi yao ikatupwa. Kenya huru nayo humtaka mwekezaji mgeni awe na mtaji wa dola 100,000 kabla ya kupewa kibali cha daraja la G. Kila nchi ina haki ya kutafuta mtaji. Lakini yafaa tujue ni nani anayengoja mtaji unapopita.

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, yamo pia ya lugha. Kitenzi "omba" kina watu wengi ndani yake: anayesali, anayetafuta kazi, anayenyoosha mkono barabarani. Tajiri na mama yangu wote hujaza fomu za maombi. Lakini yule huitwa mwekezaji, na mama huitwa mwombaji. Jina la kwanza humtaja mtu kwa alicho nacho, la pili kwa anachokosa. Sijui kama tumewahi kulijadili hili darasani.

Mama amenikabidhi fomu nimjazie, maadamu zimeandikwa kwa Kiingereza. Nimekwisha kuandika jina lake na la mdogo wangu. Akifika huko ataweza kuniombea upya, katika kundi jingine, lenye foleni yake ya miaka mingi. Bado hajaamua kama atakwenda, nami sijathubutu kumshauri, kwa kuwa kila ushauri nitakaoutoa una faida au hasara yangu ndani yake. Methali ya wahenga sitaifuta daftarini. Ila siku nitakaposimama mbele ya darasa kuifundisha, nitawauliza wanafunzi subira hiyo ni ya nani, na heri iliyovutwa ilimfikia nani.