Mzigo Uliohama

Ndugu zetu vijana, katika garaje yetu ya hapa Butembo, ukutani juu ya meza ya vyuma, tumebandika picha tuliyoikata katika gazeti kuukuu la Kifaransa. Ni pikipiki ya Suzuki iitwayo RE5, iliyotengenezwa Japani kati ya mwaka 1974 na 1976. Wateja wanaongoja kuzibiwa pineu huitazama na kuuliza mbona injini yake imekaa kama sufuria iliyofungwa mfuniko. Hapo nasi hupata nafasi ya kujigamba kidogo. Hiyo, twawaambia, ni injini isiyo na pistoni ya kupanda na kushuka. Ndani yake mna chuma cha pembe tatu kinachozunguka katika chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Aliyeibuni ni Mjerumani Felix Wankel, na ya kwanza iliwaka mwaka 1957.

Hatujapata kuigusa hata moja. Tulichojifunza tumekipata kwa kusoma, na kwa mzee fundi aliyetulea katika kazi hii, ambaye alipenda kutuuliza jambo moja: hao walioondoa pistoni na vali, je, kazi ya vali waliipeleka wapi? Maana haikutoweka. Kazi ya kuuzuia moto usivuje iliangukia vipande vyembamba vilivyo kwenye ncha tatu za kile chuma, vinavyosugua ukuta kila dakika na kulika. Na kwa kuwa mlipuko hutokea upande ule ule wa chumba siku zote, upande huo huungua na mwingine hubaki baridi. Suzuki ikalazimika kuongeza rejeta ya maji, kipoza oili, na mabomba ya moshi yenye kuta mbili. Pikipiki ikawa nzito, ikanywa esansi kama gari, nao wakaiacha.

Tuliyajua hayo yote, tukayasimulia kwa ufasaha, lakini hatukuyatumia kwa kazi ya mikono yetu wenyewe.

Mji wetu umekaa juu ya vilima, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Pikipiki nyingi za wamotari hutoka India na China, hupita Mombasa na Uganda, na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasindi. Kabureta zake zimepimwa kwa hewa nzito ya nchi za chini. Hewa ya huku ni nyepesi, pungufu kwa takribani sehemu moja ya tano, hivyo esansi inayoingia huwa nyingi kupita hewa ya kuichoma, na nguvu hupotea pale pale inapohitajika, yaani mlimani. Ndiyo maana fundi wa Butembo huanza kwa kufungua bujii, kile kidude cha kutoa cheche, na kukisoma. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu yaonyesha esansi iliyozidi. Unyevu wa oili mara nyingi ni pete za pistoni zilizochoka, na weupe kama chokaa ni injini inayoungua kwa uhaba wa esansi. Vijana wengi wakiona masizi hununua bujii mpya, na baada ya wiki moja wanarudi na masizi yale yale. Sisi hushusha sindano ya kabureta ngazi moja, au huweka tundu dogo zaidi la kupitishia esansi. Lakini mwenye kuteremka kila siku hadi Beni au Kasindi hatumbani hivyo, kwa sababu kule chini hewa ni nzito, na injini iliyobanwa kwa ajili ya Butembo itamwakia.

Basi alikuja kwetu mmotari mmoja, mtu wa kubeba viazi kutoka vijiji vya upande wa Lubero. Aliomba mambo mawili: nguvu ya kupanda, na nafasi ya mzigo. Tukabadilisha magurudumu ya meno yanayovuta mnyororo. La mbele lilikuwa na meno 14, tukaweka la meno 13. La nyuma lilikuwa na 42, tukaweka la 45. Kisha tukalehemu kibebeo kirefu, kilichopita gurudumu la nyuma kwa shubiri mbili, tukaongeza na springi. Pikipiki ilipanda na magunia mawili kama mbuzi. Mwenyewe alitusifu kila alikokwenda, na haukupita muda mrefu tulikuwa tumewafanyia wengine kumi na mmoja kazi ile ile.

Hesabu ilikuwa rahisi, lakini hakuna aliyeifanya. Kwa mwendo ule ule, injini ile sasa ilizunguka zaidi kwa asilimia 15 hivi, na esansi ikaisha upesi. Yule ndugu aliligundua jambo hilo mwenyewe, na hakutuambia. Ili kufidia, alifanya wanavyofanya wengi katika vilima hivi: akifika juu ya mteremko, huzima injini, huondoa gia, na kuiacha pikipiki ijiendee. Hapo ile injini ambayo ingeizuia pikipiki isikimbie ilikuwa imenyamaza, na uzito wote ukabaki juu ya freni. Freni ya nyuma ya pikipiki hizi ni ngoma ndogo tu. Ikibanwa mfululizo katika mteremko mrefu hupata joto, na ikishapata joto haishiki. Nacho kibebeo chetu, kwa kuuweka mzigo nyuma ya ekseli, kililifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi, usukani usiitii njia.

Siku moja alibeba gunia moja na mama mmoja, abiria. Katika mteremko wa kuingia mjini freni zilikataa. Yeye alichubuka. Mama alivunjika mfupa wa paja.

Pikipiki iliburutwa hadi kwetu jioni ile. Tulipofungua gurudumu tulikuta bitana za freni zinang'aa kama kioo, na ngoma imegeuka rangi kuwa buluu. Kesho yake familia ya mama ilikuwa imetuita, sisi pamoja na mmotari. Mwenzetu mmoja akasema: tuwaambie freni zilikuwa zimechakaa. Uchakavu ni jukumu la mwenye chombo, na katika kikao kile hakuna ambaye angeweza kutukanusha. Tulikuwa wanne. Usiku ule tuligawanyika wawili kwa wawili, na tusijipambe hapa: wale wawili wa upande wa kunyamaza walikuwa na hoja nzuri kuliko za wenzao, kwa kuwa garaje ilikuwa na deni, na mmoja wetu alikuwa na mtoto wa kuzaliwa.

Aliyetutoa pale ni mdogo wetu kuliko wote, ambaye hakusema lolote juu ya kweli na uongo. Aliuliza tu: na wale kumi na mmoja? Tukisema ni uchakavu, tutawaita kwa sababu gani?

Tukaenda, tukaeleza. Ilichukua muda, kwa kuwa ilibidi kueleza meno ya magurudumu kwa wazee ambao hawakuwa na haja nayo. Mama alikuwa amelazwa kwenye godoro pembeni, mguu umefungwa. Aliposikia yote akatuuliza:

"Kwa hiyo, wanangu, ninyi mlijua kupandisha tu?"

Hakuna aliyemjibu. Mmotari alikubali nusu ya gharama za matibabu, sisi nusu nyingine, nasi tuliilipa kidogo kidogo kwa miezi mitano.

Wale kumi na mmoja tuliwaita. Saba walikuja. Tuliwarudishia gurudumu la nyuma la meno 42, tukafupisha vibebeo hadi mzigo ukae juu ya ekseli, na tukawaonyesha kuteremka kwa gia ile ile ambayo wangepandia. Wawili walitucheka, wakasema hawajaanguka. Wawili hatujawaona hadi leo, na kila tusikiapo ajali huuliza kwanza rangi ya pikipiki.

Mama sasa anatembea kwa fimbo. Jumapili, baada ya Misa, hupita mbele ya garaje, nasi husimama kumwamkia; siku nyingine huitikia, siku nyingine hupita.

Wiki iliyopita alikuja kijana akitaka kibebeo kirefu. Tulimweleza kwamba chetu ni kifupi, na kwamba kabla ya kumkabidhi chombo tutateremka naye kilima chenye mzigo, injini ikiwaka. Akauliza bei, akatazama picha ya Suzuki, akaondoka. Alasiri tulisikia mashine ya kulehemu ikilia katika garaje ya ng'ambo ya barabara.