Safari ya Idjwi: nyumba inayoishi kwa betri moja



Juma hili tunawaletea habari ya safari yetu ya Idjwi. Tulikuwa watano, walimu wawili na wamama watatu wa shirika, na hatukwenda kutembea tu. Kama mnavyojua, likelemba yetu imefikia hatua ya kununua plaki ya jua na betri, ili tuchaji simu za watu na kuangazia chumba cha mikutano. Ni pesa za maharagwe, za sabuni na za ndizi za kila mmoja wetu. Kabla ya kuzitoa tulitaka kuona nyumba ambako vyombo hivyo vinafanya kazi kila siku.

Idjwi ni kisiwa kirefu katikati ya Ziwa Kivu, karibu kilomita 40 toka ncha moja hadi nyingine. Upande wa mashariki unaona vilima vya Rwanda, upande wa magharibi milima ya Kalehe. Watu wanasema Kihavu, wanalima ndizi, mihogo, maharagwe, kahawa na mananasi, na njia nyingi ni za miguu. Toka Bukavu tulipanda boti asubuhi, tukashuka sehemu ya kusini, kiisha tukapanda kilima na mizigo mgongoni.

Kuna jambo moja la kushangaza kule. Maji ya ziwa yanayokizunguka kisiwa ndiyo yanayotoka Bukavu kwa mto Ruzizi na kuzungusha mashine za umeme, zile za Ruzizi ya kwanza na zile za Ruzizi ya pili, zinazofanya kazi tangu 1989. Chini ya maji hayo hayo kuna gesi ya methani, na upande wa Rwanda wanaitoa na kuifanya umeme. Lakini katika nyumba tulizoingia sisi hakuna waya wa umeme wa mji uliofika. Jioni ikifika, kila nyumba inajitegemea: taa ya petroli, au plaki na betri.

Mama aliyetupokea ni katibu wa kikundi cha wamama wenzetu. Nyumba yake ina vyumba viwili na mabati juu. Plaki ya wati 100 imefungwa juu ya mabati, imeinama kidogo ili mvua ioshe vumbi, na hakuna mgomba unaoitia kivuli. Ndani kuna betri ya volti 12 katika sanduku la mbao lenye matundu, kisanduku cha kudhibiti chaji ukutani, taa nne, na ubao wa kuchajia simu. Ni vyote hivyo tu. Kando ya sanduku kuna daftari ya shule iliyotundikwa kwa kamba.

Tukamwuliza daftari ni ya nini. Akajibu: "Walimu wangu, betri ni kama sanduku la likelemba. Ukitoa kila siku bila kuangalia kinachoingia, siku moja utafungua kufuli na kukuta sanduku tupu."

Kila asubuhi, kabla jua halijapiga plaki, anaandika volti. Betri yao ni ya risasi na asidi, kama nyingi tunazoziona sokoni. Ikiwa imejaa na imepumzika inaonyesha karibu 12.7. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Ikifika 11.8 inaumia, na ikiachwa hivyo siku nyingi haiponi. Kikundi chao kiliwahi kununua betri ya gari kwa sababu ilikuwa rahisi, ikafa kabla ya mwaka kwisha. Betri ya gari imetengenezwa kwa kuwasha motere: inatoa nguvu nyingi kwa nukta chache, kisha gari lenyewe linaijaza. Haikutengenezwa kwa kumulika usiku kucha. Betri ya plaki ni ya namna nyingine. Inavumilia kutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Siku ya kununua, wamama, tuulize hilo kwanza.

Jioni tulikaa pamoja kupiga hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Chukua wati za chombo, zidisha kwa saa kinazotumika. Taa nne za wati 5 kwa saa 4 ni 80. Redio ya wati 5 kwa saa 6 ni 30. Simu tatu za nyumbani, karibu 10 kila moja, ni 30. Simu 15 za wateja ni 150. Jumla ni 290. Kinachoingia je? Plaki ya wati 100, siku ya kawaida, tuhesabu saa 4 za jua zuri: ni 400. Lakini njiani na ndani ya betri kuna upotevu, kwa hiyo mama anahesabu 300 tu. 300 zinaingia, 290 zinatoka. Nyumba inaishi.

Kijana wake anataka televisheni ndogo ya wati 40. Kwa saa 3 za jioni ni 120. Sasa zinatoka 410, na zinaingia zile zile 300. Kila siku upungufu ni 110. Betri ya ampea-saa 100 ina jumla ya 1200, lakini asiyetaka kuiua atumie nusu tu, yaani 600. Gawanya 600 kwa 110: siku ya tano bado wanacheka, siku ya sita wako gizani pamoja na simu za wateja. Kijana alizifanya hesabu mwenyewe kwenye daftari, akanyamaza, kiisha akasema: "Basi tununue plaki ya pili kwanza." Pasi ya umeme ndiyo hatukuitaja, inakula wati 1000 na zaidi.

Kuhusu waya tulijifunza jambo ambalo wengi hawaambiwi. Wati 60 kwa umeme wa mji wa volti 220 hazifikishi hata theluthi ya ampea moja. Wati hizo hizo kwa volti 12 ni ampea 5. Kwa hiyo waya wa betri unapitisha mzigo mkubwa zaidi, ingawa nyumba ni ndogo. Waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5, ukiwa na mita 10 kwenda na mita 10 kurudi, unakula zaidi ya volti moja nzima njiani kwa ampea 5. Katika volti 12 hiyo si kidogo. Taa zinakuwa hafifu, betri haijai, na watu wanalaumu plaki. Dawa yake ni waya nene na njia fupi: betri isiwe mbali na plaki.

Nyumba ya jirani ilitufundisha kwa namna nyingine. Fundi aliyepita pale aliunga waya kwa kuzisokota na kuzifunga kipande cha mfuko wa plastiki, na hakuweka fyuzi popote. Siku moja panya akatafuna ngozi ya waya karibu na betri, chanya na hasi zikagusana. Waya ukawa mwekundu, ukayeyuka juu ya pazia. Bibi wa nyumba alikuwa macho, akazima moto kwa mchanga. Watoto watatu walikuwa wamelala chumba kile. Watu husema volti 12 hazina hatari kwa sababu hazimpigi mtu. Ni kweli hazimpigi kama zile 220, lakini betri inaweza kuchoma nyumba.

Fyuzi ni kitu kidogo cha bei ndogo. Ndani yake kuna kiwaya chembamba kilichowekwa ili kiungue cha kwanza. Kikikatika, waya za nyumba zinapona. Mahali pake ni karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri, kwa sababu kipande cha waya kilichotangulia fyuzi hakina mlinzi. Ikiungua, tafuteni sababu kwanza, halafu wekeni nyingine ya kipimo kile kile. Msiweke msumari wala karatasi ya sigara.

Usiku tulishuka pwani kuwatazama wavuvi wa sambaza, samaki wale waliotolewa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mitumbwi yao hufungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, na taa huning'inizwa juu ya maji ili zivute samaki. Zamani zilikuwa za petroli. Wengi sasa wana taa za betri. Mzee mmoja alitwambia kwamba katika mtumbwi adui si giza, ni mtikisiko na maji. Mtikisiko unalegeza viungo, maji yanaviotesha kutu ya kijani. Kila alfajiri yeye hukaza ncha za betri, huzipangusa na kuzipaka mafuta mazito. Kiungo kilicholegea hupata moto, akasema, hata kama waya wenyewe ni mzuri. Nyumbani hatutikisiki, lakini kukaza ncha mara moja kwa mwezi ni kazi ya dakika tano.

Na watoto je? Betri ya asidi ikijazwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Isiwekwe chini ya kitanda wala karibu na mbabula. Iwe mahali penye hewa, ndani ya sanduku lililofungwa dhidi ya mikono midogo. Asidi ikimwagika mwilini, maji safi mengi na upesi, na kama ni jicho, baada ya maji ni kituo cha afya. Maji ya kuongeza ndani ni yale yaliyochujwa kwa mvuke ya dukani, si ya ziwa wala ya mvua. Betri iliyokufa msikubali ivunjwe uwanjani ili risasi yake iyeyushwe kwa uzito wa nyavu: risasi ni sumu, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo.

Tumerudi na mapendekezo manne kwa mkutano wa likelemba. Tuanze na hesabu ya kinachotumika, ndipo tuchague ukubwa wa plaki. Pesa za waya nene, fyuzi na kisanduku cha kudhibiti tuziweke kando tangu mwanzo, zisiwe mabaki ya mwisho. Kila juma sehemu ya pesa za kuchaji simu iingie bahasha ya betri ijayo, maana hata iliyotunzwa vizuri huzeeka baada ya miaka michache. Na siku fundi atakapokuja kufunga, wamama wawili wa shirika wasimame naye mwanzo mpaka mwisho. Waone kwamba anaunga betri kwenye kisanduku kwanza na plaki baadaye, na siku ya kufungua plaki inatoka kwanza. Waulize, waandike.

Tunasema hivi kwa sababu katika nyumba nyingi tulizoziona fundi alizungumza na baba, naye baba ameondoka kwenda kazini au kuvua. Anayebaki na betri, na watoto, na wateja mlangoni, ni mama. Basi afundishwe yeye.

Njooni mkutanoni na daftari. Tutapiga hesabu pamoja.